Uyoga mweupe wa zizini, Mabokweni

Uyoga wa kichuguuni ukiuchuma asubuhi, jioni bado ni uyoga. Ukiuanika, mwezi ujao bado ni uyoga. Uyoga wa wino haukupi nafasi hiyo. Alfajiri umesimama wima, kofia imefumba. Saa nne kingo za kofia zimeanza kujikunja na kushika kijivu. Adhuhuri ikiadhiniwa, kimebaki kishina kilichochomoza kwenye maji meusi. Anayetaka kujua jina lake anakimbizana na jua, na vile anavyovihitaji zaidi ndivyo vinavyotangulia kuyeyuka.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Tanga mjini, na masika yakishika shule nzima inajua mwalimu ana wazimu wa uyoga. Wanafunzi wananiletea ndani ya makopo, ndani ya daftari, hata ndani ya mikebe ya hesabu. Mwingi ni ule ule wa kila mwaka. Kwa hiyo mjomba wangu wa Mabokweni aliponipigia simu kuniambia kuna vitu vyeupe vimeota kwenye samadi nyuma ya zizi lake, sikutarajia makubwa. Nilikwenda kwa sababu mjomba ukimkatalia wito, safari nyingine hakuiti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujachelewa sana. Vya jana vimeshakuwa maji."

Vya leo vilikuwa vimesimama kwenye kinyesi kibichi kibichi, si kile kilichokauka. Vidogo, kofia isiyozidi kidole gumba, umbo la yai. Weupe wake haukuwa ule wa krimu wala wa kijivu tuliouzoea. Ulikuwa mweupe wa kuumiza macho kwenye jua, na kofia imetapakaa ungaunga mithili ya unga wa bada uliomwagika mezani. Niligusa mmoja, kidole kikatoka cheupe. Chini ya unga ule kofia ilikuwa na ngozi ya kijivu hafifu.

Nikamuuliza kwa makusudi, nimsikie: huu si ule wa mkonge?

"Wa mkonge gani! Ule ukiung'oa unatoka na mkia. Huu mkia wake uko wapi?"

Akaung'oa mmoja kunionyesha. Shina lilikatika safi pale lilipokutana na kinyesi. Mkia haukuwapo.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye mkia, maana mjomba hakusoma mikolojia, elimu ya kuvu, lakini ameweka kidole chake palepale wanapokiweka waliosoma. Ujana wake wote umekwenda kwenye mashamba ya mkonge, miaka mingi akiwa kwenye korona, ile mashine inayolipondaponda jani na kuacha singa, yaani nyuzi zake. Uyoga wa mkonge anaujua wa kuchuma, wa kupika na wa kugombania. Nao, kwa jina la kitaalamu Coprinopsis cinerea, una sifa hiyo hasa: shina lake mara nyingi linateremka chini likichongoka, linazama kwenye mabaki yanayooza hadi pale lilipoanzia. Ukiuvuta taratibu unatoka nao. Ukiukata juu kwa kisu, kama wengi wanavyofanya, umeiacha ardhini alama mojawapo bora ya kuutambua.

Na uyoga ule una habari yake Tanga. Mkonge wenyewe ni mgeni: uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, huko Pangani. Kutoka miche hiyo yakaja mashamba yaliyoujaza mkoa, Korogwe, Muheza, Hale, Ngomeni, hadi miaka ya 1960 nchi ikawa inatoa zaidi ya tani laki mbili za singa kwa mwaka. Lakini singa ni sehemu ndogo mno ya jani, takriban kilo nne katika kilo mia. Zilizobaki ni maji, ngozi na nyama ya jani, na kwa miaka zaidi ya mia zimekuwa zikimwagwa nyuma ya viwanda. Lundo lile linachacha, linapata joto, linatoa harufu ya kukuchoma pua. Uyoga mwingi usingethubutu kuota hapo. Coprinopsis cinerea haujali: joto la mwili wa binadamu, nyuzi 37, unalistahimili vizuri, na amonia haiukimbizi.

Hivyo vitafunwa vya watu wa korona vimeingia kwenye maandishi ya watafiti. Marja Härkönen wa Finland na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliokusanya habari za uyoga unaoliwa Tanzania katika miaka ya 1990, wameuandika. Mwaka 2008 Anthony Mshandete, naye wa chuo hicho hicho, alichapisha pamoja na mwenzake matokeo ya kuupanda uyoga huu kwenye mabaki ya mkonge yaliyoozeshwa. Maabara za nje nazo zinautumia kuchunguza jinsi seli zinavyogawanyika wakati wa kutengeneza spora (chembe za uzazi za kuvu), kwa kuwa seli zake hufanya kazi hiyo zote kwa mpigo na mzunguko mzima wa maisha yake unakamilika ndani ya wiki mbili hivi. Jenomu yake, yaani mkusanyiko mzima wa vinasaba vyake, yenye kromosomu 13, ilichapishwa mwaka 2010. Nikimweleza mjomba haya anacheka. Yeye anachotaka kujua ni kwa nini hao watu wa maabara hawauli.

Basi wa zizini haukuwa wa mkonge. Ulikuwa nini?

Kwanza nilitaka kuhakikisha kwamba ni uyoga wa wino kweli. Kuna uyoga mweupe tele mwenye kofia ya yai ukiwa mchanga, na mwingine ni wa kukulaza hospitali. Unaoniogopesha zaidi pwani hii ni Chlorophyllum molybdites, ule mkubwa unaoota kwenye majani ya viwanja na bustani. Ukiwa mchanga unavutia, mweupe, nene, na ukiula utatapika na kuharisha mpaka ujute. Siri yake iko kwenye spora: ni za kijani. Spora moja huioni kwa macho, ila zikirundikana kwa maelfu rangi yake inaonekana. Unakata shina, unaweka kofia juu ya karatasi vibapa vikitazama chini, unaifunika kwa glasi, unasubiri. Vibapa ni vile vijani vyembamba vilivyopangana chini ya kofia. Ndiko spora zinakotengenezwa. Wa kichuguuni utakuachia alama ya krimu inayoelekea waridi. Chlorophyllum itakuachia kijani. Uyoga wa wino: nyeusi tii.

Kwa uyoga mwingine alama hii unaiacha ilale hadi asubuhi. Kwa huu ukilala nao utaamkia dimbwi. Mimi huchukua uliofunguka kidogo tu, ambao kingo zimeanza kubadilika rangi lakini hazijalowa, na ndani ya saa chache napata nilichotaka. Ilikuwa nyeusi. Nikapumua.

Huo weusi una maelezo mazuri kuliko neno kuoza, ambalo wengi hulitumia na si sahihi. Uyoga huu hauozi, unajimeng'enya wenyewe. Vibapa vyake ni vyembamba mno na vimebanana, karibu vinagusana. Kama spora za juu, karibu na nyama ya kofia, zingekomaa na kuruka pamoja na za chini, nyingi zingenasa kwenye kibapa cha jirani. Kwa hiyo zinakomaa kwa foleni kuanzia ukingoni. Ukingo ukishamaliza kurusha spora zake, vimeng'enya vinauyeyusha, na wa juu yake unapata njia iliyo wazi. Kofia inajikunja nje kadiri inavyoyeyuka, na vibapa vinaachana. A. H. Reginald Buller, mtaalamu wa kuvu aliyekuwa akifanya kazi Winnipeg, Kanada, alieleza jambo hili kwa kina mwaka 1909, na akaonyesha kwamba spora nyingi huchukuliwa na hewa kabla ya kuyeyuka. Weusi wa wino ni spora zilizobaki nyuma. Tone linaloanguka ni takataka za kazi iliyokwisha kufanyika.

Swali la pili ni uyoga wa wino upi, na hapa simu ya mkononi haikunifaa. Zipo programu unazozipigia picha zikakupa jina. Mwanafunzi wangu mmoja alikwisha kuupiga wa mjomba, ikamjibu Coprinus comatus, asilimia nyingi tu za uhakika. Comatus ni mrefu, kofia yake imejaa magamba yanayojipindua, shina lina pete inayocheza, na huota ardhini na kwenye nyasi. Programu imeona kofia nyeupe iliyofumba ikatoa jina maarufu kuliko yote. Siilaumu sana. Picha haikuambia umeota juu ya nini, haikuonyesha chini ya shina, na unga ule kwenye picha ni doa jeupe tu.

Zamani wote hawa waliitwa Coprinus, jina lililowekwa na mtaalamu wa kuvu Persoon mwaka 1797, na kigezo kilikuwa hicho hicho cha wino. Mwaka 2001 watafiti Redhead, Vilgalys na wenzao, wakitumia vinasaba, wakaonyesha kwamba kuyeyuka si undugu. Coprinus comatus akabaki na jina na ndugu zake wachache, akawekwa kwenye ukoo mmoja na ule uyoga mweupe wa kopo unaouzwa supamaketi. Waliobaki wakagawanywa mafungu matatu: Coprinellus, Coprinopsis na Parasola. Kwa mtu wa uwanjani hii ni nafuu, maana mafungu yenyewe unaweza kuyabashiri kwa macho. Parasola ni vile vimwavuli vyepesi vyenye mikunjo ambavyo havina unga wala magamba. Coprinellus wengi wana chembechembe zinazometameta au vinywele vifupi sana kwenye kofia. Coprinopsis wana mabaki ya utando uliowafunika wakiwa wachanga: nyuzinyuzi, vipande vya sufi, au unga.

Unga. Hapo ndipo kazi ilipohamia shuleni.

Hadubini yetu ni ya kawaida, ya kukuza mara 400 ikijitahidi. Nilichokifanya kwanza, kabla hata ya kunawa vumbi la njia, ni kubandua unga wa kofia kwa utepe wa gundi unaoonyesha ng'ambo na kuubandika kwenye kioo. Nawasihi wenye hobi hii wafanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu unga unapukutika, mvua inausafisha, na bila huo umebaki unabahatisha. Wa mkonge nao una vitu vyeupe kwenye kofia, ila vyake ni vishungi vya sufi, na chini ya hadubini vishungi hivyo ni minyororo ya seli ndefu zilizounganika ncha kwa ncha. Unga wa huu wa zizini ulikuwa wa seli duara. Mipira mitupu, mikubwa kwa midogo, laini, iliyopakana bila mpangilio. Kidato cha tatu walipanga foleni kuchungulia na mmoja akaniuliza kama ni mapovu ya hewa. Swali zuri. Mapovu yana ukingo mweusi mnene na hayana kitu ndani. Haya yalikuwa na ukuta mwembamba, na ukiyasukuma kwa maji yanabonyea.

Mpaka hapo wa mkonge umeondoka kabisa na nimebaki na wale weupe wenye unga wa mipira wanaopenda samadi. Si wengi lakini wanafanana. Kuwatenganisha kunahitaji kupima spora, na hadubini yetu haina kipimo ndani ya lenzi.

Dawa ya shida hii ilitoka zahanati. Kila maabara ya hapa ina slaidi za damu. Kwenye mkoa wenye malaria hicho ndicho kitu ambacho hakikosekani. Fundi wa maabara ninayefahamiana naye alinipa slaidi kuukuu iliyokwisha kutiwa rangi, isiyo na jina la mgonjwa. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ina upana wa takriban mikromita 7 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Unaitazama kwa lenzi ile ile, unaichora, kisha unatazama spora kwa lenzi ile ile na unaichora pembeni kwa ukubwa ulioiona. Si usahihi wa chuo kikuu, lakini kwa kutenganisha kitu cha mikromita 10 na cha 17 kunatosha na kunabaki. Spora za wa mkonge zina urefu wa 9 hadi 12, chembe moja na nusu hivi. Za huyu wa zizini zilipita chembe mbili kwa urefu, bila ubishi.

Jambo la pili kuhusu spora hizo lilinifurahisha kuliko urefu. Ukiitazama moja kutoka usoni ni pana, ina mabega, inakaribia umbo la limau. Lakini kuna nyingine kwenye kioo hicho hicho zilizoonekana nyembamba. Nilidhani pana aina mbili, mpaka nilipobonyeza kioo cha juu kwa ncha ya penseli. Zikabiringika. Pana ikawa nyembamba, nyembamba ikawa pana. Ni spora iliyobapa, na aliyepiga picha moja akapima upana mmoja angekosa hilo. Vitabuni vipimo vyake vinaandikwa vitatu badala ya viwili: urefu 15 hadi 19, upana wa usoni 11 hadi 13, unene wa ubavuni 8.5 hadi 10.5. Hizo ni spora za Coprinopsis nivea, aliyepewa jina la theluji na Persoon mwaka 1801.

Niliwapitia na majirani zake. Coprinopsis pseudonivea anafanana naye kama pacha ila spora zake ni fupi. Coprinopsis stercorea ni kidogo mno, kina harufu mbaya inayokusalimu kabla hujainama, na mipira ya unga wake ina vipele. Ya huu wa zizini ilikuwa laini. Coprinus sterquilinus anakaa kwenye samadi na spora zake ni kubwa kupita hata hizi, lakini ana pete kwenye shina na kofia yake ina magamba ya nyuzi. Podaxis, ambaye wageni humchanganya na uyoga wa wino kwa sababu ya kofia yake ndefu iliyofumba, ni wa sehemu kavu na vichuguu, hayeyuki kamwe. Ukimpasua ndani ni vumbi.

Coprinopsis nivea duniani si uyoga wa ajabu. Kwenye samadi ya ng'ombe na farasi, Ulaya wanaufahamu vizuri. Kwangu mimi ni adimu, maana katika kutembea kwangu kote, Pongwe, Amboni, kando ya mto Zigi, Maramba, sijawahi kuuona pengine. Nina dhana yangu kuhusu hilo, na ni dhana tu: ng'ombe wengi wa mjini wanafugwa ndani, samadi inazolewa kila asubuhi kwenda kwenye migomba na bustani za mchicha. Uyoga unaohitaji kinyesi kitulie siku kadhaa haupati pa kukaa. Kona ya mjomba ilisahaulika kwa sababu reki ilivunjika mti.

Ndugu walipopata habari, swali lilikuwa moja. Unaliwa?

Sijaula na sitaula. Hauna nyama, umeota juu ya mavi, na kujua jina la kitu hakukupi ruhusa ya kukitia chunguni. Lakini swali hilo lina jibu refu zaidi kwa ukoo huu, na kwa mkoa wenye minazi kama wetu linastahili kusemwa. Yupo binamu yao, Coprinopsis atramentaria, wa kijivu, anayeota kwa vishada karibu na visiki. Mtu akimla bila pombe huenda asione kitu. Akimla na tembo la mnazi, au bia, au chochote chenye kileo, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, anatapika. Ini huvunja kileo kwa hatua mbili: kwanza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kuwa kitu kisicho na madhara. Koprini iliyomo kwenye uyoga huo, iliyotambuliwa na wakemia mwaka 1975, inaishia kukifunga kimeng'enya cha hatua ya pili. Asetaldehaidi inarundikana. Ndivyo inavyofanya kazi pia disulfiramu, dawa wanayopewa wanaotaka kuacha pombe. Na kufungwa huko hakuishi kwa mlo mmoja. Mtu anaweza kula leo, akanywa kesho kutwa, yakamkuta. Hapo atalaumu tembo, atamlaumu mgema, hatakumbuka uyoga.

Mjomba alisikiliza yote, akasema yeye hanywi, kwa hiyo apewe. Hakupewa.

Tulichokifanya na wino ni kingine. Wa zizini ulikuwa haba, hauwezi kujaza hata kifuniko cha soda, kwa hiyo tulitumia wa mkonge uliopita umri wa kupikwa. Kofia zikaachwa kwenye bakuli mpaka asubuhi, maji meusi yakachujwa kwa kitambaa, yakachemshwa taratibu na karafuu chache. Karafuu ni kwa ajili ya harufu na kuvu. Bila hiyo chupa haifunguliki siku ya tatu. Wanafunzi waliandika majina yao kwa kijiti. Rangi yake ni kijivu cha kahawia zaidi kuliko nyeusi, haina ule mng'ao wa wino wa masizi na gundi ambao baba yangu aliutumia chuoni kwenye ubao, na ukiutazama kwa hadubini unaona spora zimelala ndani ya herufi. Niliupenda. Kwa kuandikia mtihani sitaupendekeza.

Sampuli sasa iko kwenye bahasha ya karatasi. Kuikausha kulikuwa shughuli: uyoga huu ukiuanika juani taratibu unakuwa wino kabla ya kukauka, hivyo niliupasua nusu kwa nusu, nikauweka kwenye wavu juu ya balbu ya moto, na vile vichanga vilivyofumba ndivyo vilivyonusurika. Juu ya bahasha nimeandika Coprinopsis cf. nivea, samadi ya ng'ombe, Mabokweni, na mwezi. Hizo herufi cf. zinamwambia msomaji alinganishe, maana mwandishi hajafunga mjadala. Kinachoweza kuufunga ni kusoma kipande cha kinasaba kiitwacho ITS, ambacho tangu mwaka 2012 kimekubaliwa kuwa alama rasmi ya kutambulisha kuvu. Uyoga wa Ulaya na wa kwetu unaweza kufanana kwa unga na spora na bado ukawa spishi mbili; kwa kuvu wa Afrika hilo limekwisha kutokea mara nyingi. Bahasha inasubiri maabara itakayoikubali.

Kwa hiyo naomba macho yenu, nyinyi wa Muheza, Pangani, Mkinga na hata Bagamoyo, mvua za vuli zikianza. Pita zizini mapema, jua halijapanda. Ukiona vyeupe vyenye unga kwenye kinyesi, piga picha kutoka juu, kutoka ubavuni, na ya chini ya shina baada ya kuung'oa mzima. Andika ni kinyesi cha mnyama gani na cha siku ngapi. Bandua unga kwa utepe wa gundi. Weka kofia moja juu ya karatasi. Kisha vile vichanga vipasue, vikaushe siku hiyo hiyo, vitie kwenye karatasi. Usivitie kwenye kopo lililofungwa ukavipakia kwenye basi. Kitakachonifikia kitakuwa wino.